Beni: kikundi kisinunue kelele, kinunue kazi

Asubuhi, kabla jua halijakaza, kwenye malango ya ofisi, hoteli na parokia za mji wa Beni wanaonekana vijana na wababa wamesimama, kupekupe mkononi, wakingoja mtu awaite. Wengi wao ni wahami. Wametoka upande wa Mbau, Eringeti na Kamango, na wengine wametoka mbali zaidi, hata upande wa Goma. Kule walikotoka walikuwa na shamba la kakao, mihogo na ndizi. Hapa mjini wanakata majani ya watu ili watoto wapate chakula cha jioni.

Kazi hiyo imeongezeka. Tangu Goma ilipotekwa na M23 mwezi wa Januari 2025, utawala wa jimbo la Kivu Kaskazini unafanyia kazi zake Beni, na mashirika mengi yamefungua ofisi hapa. Kila ofisi ina parseli, kila parseli ina majani, na Beni iko karibu sana na mstari wa ikweta. Mvua haikai mbali. Majani hayana likizo.

Lakini wenye ofisi wameanza kudai kitu kipya. Hawataki tena majani yakatwe tu. Wanataka kandokando ya njia ya saruji, ukutani, kuzunguka maua na chini ya seng'enge pawe na mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Kupekupe inakata vizuri katikati ya uwanja, lakini kwenye mpaka wa gazo na saruji inagonga, inapoteza makali na kuchosha mkono. Ndiyo maana vikundi vingi vya wahami sasa vinazungumza juu ya kununua mashine ya kubeba begani, ile inayokata kwa uzi wa nailoni.

Ni wazo zuri. Hatari iko katika kuchagua, kwa sababu pesa inayonunua mashine hiyo si pesa ya kuchezea. Ni akiba ya AVEC, ni ada ya shule iliyosogezwa mbele, ni mbuzi wa mwisho aliyeuzwa.

Mfano mmoja unatosha. Katika komini ya Mulekera, kikundi cha watu wanane kilichanga kwa miezi mingi na kununua mashine ya cc 52 yenye disk ya chuma ya meno matatu. Muuzaji aliiwasha mbele ya duka, mlio ukajaa barabara nzima, na wote wakakubali kwamba hiyo ndiyo yenye nguvu. Siku ya kwanza kazini, disk iligonga saruji, ikatoa cheche na kuchimba udongo. Wakaitoa, wakafunga uzi. Saa moja haikuisha kabla aliyebeba hajaanza kulalamikia mgongo. Siku ya tatu jiwe liliruka na kuvunja kioo cha gari lililokuwa limesimama uani. Mapato ya mwezi mzima yakalipa kioo. Leo mashine iko chini ya kitanda cha mweka hazina, na wale wanane wamerudia kupekupe.

Kikundi hicho hakikukosea kutaka mashine. Kilikosea kununua mashine ya kazi nyingine. Ile waliyochukua imetengenezwa kwa ajili ya kufyeka kichaka. Kazi waliyopewa ilikuwa ya kunyoosha mpaka.

Uzito na bomba

Jambo la kwanza la kuuliza dukani si cc. Ni kilo. Kazi ya mpaka inataka mtu ageuze kichwa cha mashine kiwe wima, uzi uzunguke kama gurudumu, kisha atembee polepole akifuata mstari bila kutetemeka. Mashine ya kilo nane au tisa haikubali hivyo kwa saa nne. Mikono inachoka, mstari unapinda, na mwenye parseli anaona. Moteri ya cc 25 inatosha kabisa kwa mipaka na gazo. Moteri ya cc 30 mpaka 35 inaongeza nguvu kwa majani marefu bila kuwa mzigo. Zaidi ya hapo, mtu wa mipaka anabeba chuma cha bure na kulipa esansi ya bure. Moteri ya cc 52 ikikazwa inaweza kunywa karibu lita moja kwa saa. Ile ndogo inakunywa nusu yake au pungufu.

Jambo la pili ni bomba. Kuna mashine za bomba lililopinda na za bomba lililonyooka. Lililopinda ni jepesi, ni rahisi kununua, na mtu mfupi analipenda. Lakini ndani yake nguvu inapita kwenye waya unaojipinda, nao huchakaa mapema kwa mtu anayefanya kazi kila siku. Kwa kawaida haikubali disk. Bomba lililonyooka linafika chini ya maua na chini ya seng'enge bila mtu kuinama, linadumu, na siku nyingine linaweza kufungwa disk kama mtengenezaji ameruhusu.

Kwa muhami, hilo la mwisho lina maana yake. Hakuna mtu aliyekuja Beni akitaka kukata gazo la ofisi maisha yake yote. Siku njia ya Mbau na Kamango itakapokuwa salama, atarudi kwenye kakao yake na kukuta miaka ya kichaka. Mashine ya bomba lililonyooka, cc 33 au 35, ambayo leo inanyoosha mpaka wa ofisi, kesho inaweza kusaidia kufungua shamba. Ile ndogo ya bomba lililopinda haitaweza. Ikiwa pesa ya kikundi inanunua mashine moja tu, basi inunue ile itakayowasindikiza nyumbani.

Esansi yenye mafuta au esansi tupu

Kuna moteri zinazotaka esansi ichanganywe na mafuta, zile mafundi wanaziita za tempo mbili. Na kuna za tempo nne, ambazo esansi inaingia tupu na mafuta yana sehemu yake, kama kwenye pikipiki nyingi za mjini. Za tempo mbili ni nyepesi, zina bei ndogo, na fundi wa msumeno anazifahamu. Za tempo nne zina bei ya juu, lakini zinakunywa kidogo na moshi wake ni mdogo.

Ubaya wa tempo mbili katika mji huu hauko kwenye moteri. Uko kwenye kipimo. Esansi inanunuliwa kando ya barabara kwenye chupa, na mafuta yanamiminwa kwa macho. Siku mafuta yakiwa pungufu, moteri inashika moto ndani na kushikana. Imegripa, na hapo akiba ya mwaka imekufa kwa dakika tano. Siku yakiwa mengi, buji inajaa masizi na mashine inakataa kuwaka mbele ya mwenye kazi.

Dawa yake ni ndogo. Kitabu cha mashine kikisema moja kwa hamsini, ni mililita 20 za mafuta kwa lita moja ya esansi. Kikisema moja kwa ishirini na tano, kama mashine nyingi za bei nafuu, ni mililita 40. Chupa ya maji ya lita moja na nusu inataka mililita 30 au 60. Seringe mpya ya duka la dawa, bila sindano yake, inapima vizuri kuliko jicho la mtu yeyote. Iandikwe alama ya esansi na isitumike tena kwa kitu kingine, na watoto wasiichezee. Mchanganyiko utengenezwe wa kazi ya siku chache, kwa sababu ukikaa mwezi unaharibika. Na mafuta ya tempo mbili yasikose kuwa ndiyo yenyewe. Mafuta ya gari siyo.

Kikundi chenye watu wengi wanaopokezana mashine, kila mmoja na kipimo chake, kingefanya vizuri kuongeza akiba kidogo na kuchukua tempo nne. Kosa moja la kuchanganya linagharimu kuliko tofauti ya bei. Kwa hiyo mashine mtu mmoja tu apewe kazi ya kutazama mafuta kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Uzi, na waya unaoua

Watu wanabishana juu ya moteri na kusahau kwamba kinachokata ni uzi. Uzi wa milimita 2 unatosha gazo laini. Wa milimita 2.4 unafaa mipaka ya kila siku. Wa milimita 3 ni wa majani magumu na unataka moteri yenye nguvu. Ukiuweka kwenye mashine ndogo unaichosha na kuipasha moto. Uzi wa mviringo unadumu zaidi ukigusa saruji na ukuta. Wa pembe nne unakata safi lakini unaisha haraka. Kwa hiyo kwa mpaka wa saruji, mviringo. Uzi uliokaa dukani muda mrefu unakauka na kukatika-katika. Ukilowekwa kwenye maji usiku kucha unarudisha ulaini wake. Hilo halina gharama.

Kichwa kinachotoa uzi kikigongwa kidogo chini ni kizuri kwa kazi ya haraka. Kile cha kukata vipande na kuvichomeka kwa mkono ni rahisi kutengeneza na hakina mambo mengi ya kuharibika. Wanaoanza wachukue hiki cha pili. Watapoteza dakika chache, lakini hawatalala njaa kwa sababu ya springi ndogo isiyopatikana sokoni.

Sasa lisemwe bila kuzunguka: kuna watu wanaofunga waya wa breki ya baiskeli au seng'enge mahali pa uzi, kwa kuwa nailoni imekwisha na waya unapatikana. Hiyo si akili ya kujitafutia. Kichwa kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Waya ukikatika unatoka kama risasi, na hauchagui kati ya mguu wa mfanyakazi na jicho la mtoto. Mji huu umezika watu wa kutosha. Kikundi kisicho na pesa ya uzi siku hiyo kirudie kupekupe.

Kinga, mawe na watoto

Kile kipande cha plastiki kinachofunika nyuma ya uzi si urembo. Kinazuia mawe, na ndani yake mara nyingi kuna kisu kidogo kinachokata uzi ukizidi urefu. Wengi wanakitoa ili wakate eneo pana zaidi. Uzi ukiwa mrefu moteri inasumbuka, ambreyaji inaungua, na mawe yanarudi kwenye magoti. Mashine isiyo na kinga isinunuliwe, hata ikipunguzwa bei.

Vitabu vya mashine hizi vinasema watu wakae mbali, mita 15. Katika parseli ambamo familia tatu za wahami zimepokelewa, na watoto wasio na viatu wanataka kuona mashine, mita 15 hazijileti zenyewe. Kwa hiyo mtu asifanye kazi peke yake. Mmoja anakata, wa pili anachunga. Wa pili anaokota mawe na chupa kabla ya kuanza, anaomba gari lisogezwe, anafukuza watoto na mbuzi. Pia ni masikio ya mwenzake. Aliyevaa kinga ya masikio chini ya mlio wa moteri hasikii mtu akipiga kelele, wala hasikii mji ukianza kukimbia. Kwa Beni, wa pili huyo si anasa.

Miwani ya kinga, buti na suruali ndefu viingizwe ndani ya bei ya mashine tangu siku ya kuchanga. Visingoje faida ya kwanza. Jicho haliuzwi Butembo.

Jina la mashine na fundi wa karibu

Stihl, Husqvarna na Honda zina sifa zake, na sifa hizo ni za kweli. Lakini mashine ya jina kubwa ambayo kipuri chake hakiji inabaki chuma. Na rangi ya chungwa na nyeupe haitoshi kuifanya mashine kuwa Stihl. Mashine za kuiga zimejaa masokoni mwa Afrika na karatasi yake ya jina inabandikwa vizuri. Mashine za China za bei nafuu zina jambo moja zuri: nyingi zinafanana ndani, na kabureta ya moja mara nyingi inaingia kwenye nyingine.

Kabla ya kulipa, kikundi kipite kwanza kwa fundi anayetengeneza misumeno na jenereta. Kimuulize: «Papa, hii ikiharibika, kabureta, kamba ya kuwashia na kichwa cha uzi utavipata wapi, na kwa siku ngapi?» Akisema Butembo au Kasindi, ni jibu. Akisema tutaona, nalo ni jibu. Kisha mashine iwashwe dukani ikiwa baridi, iachwe dakika kumi, izimwe, iwashwe tena ikiwa moto. Nyingi zenye ugonjwa zinajifunua hapo.

Za betri hazina moshi na mlio wake ni mdogo, jambo ambalo hospitali na shule zingelipenda. Lakini betri moja inaisha katikati ya kazi, ya pili ina bei yake, na muhami anayelala kwa jamaa hana mahali pa hakika pa kuichaji. Ofisi yenye umeme wa jua inaweza kununua ya betri na kuikabidhi kwa wafanyakazi. Kikundi cha mtaani kingoje.

Ni ya nani?

Wapo wanaosema mashine ni adui wa maskini: moja ikiingia, watu saba wa kupekupe wanarudi nyumbani mikono mitupu. Wana haki ya kuogopa. Ikinunuliwa na tajiri mmoja anayeajiri kijana mmoja, ndivyo itakavyokuwa. Ikinunuliwa na kikundi, inaweza kuwa kinyume. Wawili wako kwenye mashine na mipaka. Wengine wanakata katikati kwa kupekupe, wanazoa kwa rato na burweti, wanapalilia maua. Tena kuna mahali uzi hautakiwi kabisa: kwenye shina la mti. Uzi unachuna ganda, na mti mchanga unakauka baada ya wiki chache bila mtu kujua sababu. Hapo mkono wa mkulima wa kakao una akili kuliko moteri.

Lakini kikundi kibadilishe namna ya kuuza kazi yake. Anayelipwa kwa siku na kuleta mashine anajiibia mwenyewe, kwa sababu anamaliza saa sita mchana na kulipwa nusu siku. Bei iwe ya parseli nzima, kwa forfe, na iandikwe kwenye karatasi. Katika kila malipo, kabla ya kugawana, sehemu itengwe ya esansi, uzi na matengenezo, iwekwe kwenye kasha lenye funguo mbili. Mashine isiyo na kasha lake inakufa siku buji inapokufa.

Nao wenye ofisi na parseli wana sehemu yao. Mtu anayetaka mstari wa rula asilipe bei ya kufyeka. Asitumie uhami wa mtu kushusha bei, akisema wengine wako langoni. Gari lake alisogeze yeye mwenyewe. Na kama mashine ni ya ofisi, miwani na buti ni vya ofisi.

Kwa mashirika yanayogawa vifaa vya kazi kwa wahami: mashine moja yenye uzi wa miezi sita, buji mbili, miwani na siku mbili za mafunzo na fundi wa hapa hapa ni bora kuliko mashine tano zilizopigwa picha na kuachwa. Na wenye kazi waulizwe kwanza. Aliyefyeka shamba miaka ishirini anajua majani kuliko aliyeandika mradi.

Kikundi kinachokwenda sokoni wiki hii kiende na watu watatu: mweka hazina, fundi, na yule mwenye mwili mdogo kuliko wote. Huyu wa mwisho aivae begani, aigeuze wima, atembee nayo mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Akirudi mkono hautetemeki, na fundi akakubali vipuri vipo, mweka hazina alipe. Akirudi anahema, warudi nyumbani na pesa yao, hata muuzaji akiwasha moteri mpaka masoko yote ya Beni yasikie.